Bawabu wa nyumba: historia ya ngome ya intaneti kutoka Columbus hadi Buffalo

Juma hili tunakizungumzia kisanduku kidogo kilichomo katika mamilioni ya nyumba duniani, lakini ambacho ni nadra kutazamwa mara mbili. Aghalabu huwekwa juu ya kabati au nyuma ya televisheni, nacho humetameta taa zake usiku kucha wakati wenye nyumba wamelala. Wengi hukiita ruta. Kazi yake ya kwanza inajulikana na kila mtu: kuigawa intaneti kwa simu na kompyuta za nyumba nzima. Kazi yake ya pili haitajwi sana, ilhali ndiyo nzito zaidi. Kisanduku hiki ni bawabu. Ndicho kinachoamua nani aingie na nani abaki nje.

Wataalamu huiita kazi hiyo ya ubawabu fayawoli, nasi katika makala haya tutaiita ngome. Na kama ilivyo kwa bawabu yeyote, ngome hutenda kwa maagizo. Maagizo yake yameandikwa katika programu iliyopachikwa ndani ya chombo tangu kiwandani, nayo huitwa programu dhibiti. Programu hiyo ikiwa na kasoro, chombo chote kina kasoro, hata kama kwa nje kingali kinang'aa.

Ili kuielewa historia hiyo, tutaanzia katika mtaa wa Clintonville, kaskazini ya katikati ya jiji la Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Huu ni mtaa uliokua mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya reli ya tramu iliyopita katika barabara ya High Street. Kutoka hapo tutakwenda Louisville katika jimbo la Kentucky, na kumalizia safari Buffalo, katika jimbo la New York. Miji yote mitatu imepokea wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Somalia na nchi nyingine za Afrika Mashariki, na Kiswahili husikika humo majumbani, makanisani, misikitini na madukani. Hali kadhalika, kila mmoja wa miji hiyo una sura yake katika historia ya kisanduku hiki.

Swali letu ni la mkazi wa Clintonville aliyesimama dukani mbele ya rafu iliyojaa ruta, kila moja ikijisifu kwa wingi wa antena na kasi yake. Achague ipi? Historia inalo jibu, na jibu hilo halimo katika maandishi makubwa ya boksi.

Columbus: enzi ya kukata simu

Mwaka 1969 ilianzishwa mjini Columbus kampuni iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la CompuServe. Ilizaliwa ndani ya kampuni ya bima, na biashara yake ilikuwa kuwakodisha wengine muda wa kutumia kompyuta zake kubwa. Mitambo hiyo ilishughulika mchana, lakini jioni, wafanyabiashara wakienda nyumbani, ilikaa bure. Ndipo mwaka 1979 kampuni hiyo ilipoanza kuwauzia watu wa kawaida saa hizo za jioni. Mwaka uliofuata, yaani 1980, gazeti la mji huo, Columbus Dispatch, likawa gazeti la kwanza la kila siku nchini Marekani kusomeka kwa njia ya kompyuta, kupitia CompuServe.

Tuangalie namna mawasiliano hayo yalivyofanyika. Mtu aliunganisha kompyuta yake na waya wa simu kwa kutumia modemu, akapiga namba, akasoma au akaandika alichotaka, kisha akakata. Kila dakika ililipiwa, kwa hiyo hakuna aliyekaa hewani bila sababu. Nyumba haikuhitaji bawabu kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa dakika chache tu na kufungwa. Ulinzi wa nyumba ulikuwa ni kule kukata simu.

Hali hiyo wasikilizaji wetu wa Afrika Mashariki wanaikumbuka vyema. Kabla ya waya wa SEACOM kupita chini ya bahari na kufika Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea satelaiti, na bei yake iliwafanya wengi wapange foleni katika vibanda vya mtandao na kuhesabu dakika. Intaneti isiyokatika ilichelewa kufika majumbani. Ilipofika, ilikuja pamoja na hatari zake.

Mwaka 1988 na kuzaliwa kwa ngome

Taasisi kubwa zilionja hatari hizo mapema zaidi. Tarehe 2 Novemba mwaka 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia katika intaneti programu yenye uwezo wa kujinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Inakadiriwa kwamba kompyuta zipatazo 6,000 ziliambukizwa, na wakati huo mtandao mzima ulikuwa na kompyuta zinazokadiriwa kuwa 60,000 hivi. Vyuo vikuu na maabara za serikali vililazimika kujitenga na mtandao ili kujisafisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahandisi wa makampuni kama Digital Equipment Corporation na AT&T walijenga mitambo ya kusimama kati ya mtandao wa ndani na ulimwengu wa nje, ikikagua kila kinachopita. Jina walilolitumia lilitokana na ukuta unaojengwa baina ya vyumba au nyumba ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Mitambo hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, na iliwekwa na mashirika yenye wataalamu wake. Hakuna aliyefikiria kuiweka sebuleni.

Bawabu aingia nyumbani

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, intaneti ya kasi kupitia waya za televisheni na za simu ilianza kuenea katika nyumba za Marekani. Mlango sasa ulikaa wazi saa 24. Wakati huohuo familia zilikuwa na kompyuta mbili au tatu, lakini anwani moja tu ya intaneti. Ruta ya nyumbani ilinunuliwa ili kulitatua tatizo hilo la pili, kwa kutumia mbinu iliyochapishwa mwaka 1994 ya kuziwezesha kompyuta nyingi kutumia anwani moja. Mbinu hiyo ilileta faida ambayo wanunuzi wengi hawakuitafuta: kitu kilichokuja kutoka nje bila kualikwa hakikujua kiende kwenye kompyuta ipi, kikatupwa.

Thamani ya faida hiyo ilidhihirika mwezi Agosti mwaka 2003, pale programu haribifu iliyoitwa Blaster ilipoenea katika kompyuta za Windows duniani kote. Kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na intaneti iliweza kuambukizwa bila mwenyewe kubonyeza chochote, ilhali ile iliyokaa nyuma ya ruta ilikuwa salama zaidi dhidi ya shambulio hilo la kutoka nje. Jambo la kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu hilo katikati ya mwezi Julai mwaka huohuo. Dawa ilikuwapo karibu mwezi mzima, ila wengi hawakuitumia. Mwaka uliofuata Microsoft iliamua kwamba ngome iliyomo ndani ya Windows XP iwashwe yenyewe, bila kumsubiri mtumiaji.

Mwezi Desemba mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilikuwa imetoa ruta ya rangi ya buluu na nyeusi iliyoitwa WRT54G. Mwaka 2003 Linksys ilinunuliwa na Cisco, na katika mwaka huohuo waandishi wa programu waligundua kwamba ndani ya ruta hiyo mlikuwa na Linux, programu huria ambayo leseni yake humtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake, yaani yale maandishi ya asili ambayo programu hutengenezwa kwayo. Baada ya malalamiko, msimbo ulitolewa. Kuanzia mwaka 2004 watu wa kujitolea waliutumia kama msingi wa OpenWrt, programu dhibiti ambayo mtu aliweza kuiweka ndani ya ruta yake badala ya ile ya kiwandani.

Uhai wa bawabu wa nyumbani haukutegemea tena hiari ya kiwanda peke yake. Kiwanda kikichoka, wengine waliweza kuendelea.

Ruta hiyohiyo iliacha pia fundisho jingine. Mwishoni mwa mwaka 2005 Linksys ilitoa toleo la tano la WRT54G. Kwa nje ilifanana na ndugu zake, na jina lilikuwa lilelile. Ndani, kumbukumbu yake ilikuwa imepunguzwa, na Linux ilikuwa imeondolewa na kuwekwa programu nyingine. Waliotaka Linux waliuzwa ruta nyingine, WRT54GL. Tangu wakati huo wajuzi wa mambo haya hawanunui kwa kuangalia jina peke yake. Hugeuza chombo juu chini na kusoma namba ya toleo katika kibandiko.

Louisville: ngome ya kompyuta chakavu

Sasa tuelekee kusini, hadi Louisville, mji ulio kando ya mto Ohio. Mwaka 2003 Mswisi Manuel Kasper alitoa programu ya bure iliyoitwa m0n0wall, iliyoweza kuifanya kompyuta ndogo kuwa ngome kamili. Mwaka 2004 Chris Buechler, mtaalamu aliyekuwa na makao yake Louisville, pamoja na mwenzake Scott Ullrich, waliuchukua msimbo huo na kuanzisha mradi wao, pfSense. Walikusudia kuitengeneza ngome yenye uwezo mkubwa zaidi kwa ajili ya kompyuta za kawaida. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwezi Oktoba mwaka 2006.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ilikuwa kubwa. Kompyuta chakavu iliyokuwa ikisubiri kutupwa, ikiongezewa kadi ya pili ya mtandao, iliweza kuwa bawabu mwenye uwezo wa kazi zilizokuwa zikifanywa na vyombo vya bei ghali. Shule, maduka, makanisa na nyumba duniani kote ziliitumia. Baadaye utunzaji wa pfSense ulichukuliwa na kampuni ya Netgate, na mwezi Januari mwaka 2015 likazaliwa kutoka humo tawi jingine, OPNsense, lililoanzishwa na kampuni ya Deciso ya Uholanzi.

Mwezi Februari mwaka huohuo wa 2015, Manuel Kasper alitangaza kwamba kazi ya m0n0wall imefika mwisho. Hakuondoka kimyakimya. Aliwaaga watumiaji wake waziwazi na kuwaelekeza kwa warithi wa kazi yake. Hivyo ndivyo bawabu mwaminifu anavyoacha kazi: hutoa taarifa, na hukabidhi funguo. Programu huria si hirizi, kwani nayo hufa isipopata watunzaji. Tofauti ni kwamba kifo chake hakifichwi, na urithi wake huweza kuchukuliwa.

Louisville iliona pia upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2017 Google Fiber ilianza kuuza intaneti ya kasi mjini humo, na waya zake zilifukiwa katika mitaro yenye kina kifupi mno. Waya zilianza kufumka barabarani. Mwezi Februari mwaka 2019 kampuni ilitangaza kuondoka, tarehe 15 Aprili huduma ikazimwa, na kampuni ikakubali kuulipa mji huo dola milioni 3.84 kwa ajili ya ukarabati. Hapa ngome za majumbani hazikuwa na kosa lolote, lakini wakazi wa Louisville walijionea kwamba hata jina kubwa kabisa laweza kukusanya virago. Anayenunua chombo cha kuilinda nyumba yake hana budi kuuliza: je, aliyeniuzia atakuwapo baada ya miaka mitano?

Buffalo: mlango uliovunjwa alfajiri

Tufike sasa Buffalo, mji ulio ukingoni mwa ziwa Erie, karibu na mpaka wa Kanada. Jina la mji huu lisichanganywe na ruta za Buffalo zinazouzwa madukani, ambazo ni za kampuni ya Kijapani.

Mwezi Machi mwaka 2011, asubuhi na mapema, mwenye nyumba mmoja wa Buffalo aliamshwa na kishindo cha mlango wa nyuma ukivunjwa. Maafisa wa serikali kuu wenye silaha waliingia, wakamlaza sakafuni na kumshutumu kwa kosa la aibu kuliko yote, kupakua picha za unyanyasaji wa watoto. Walichukua kompyuta na simu za familia. Ushahidi wao ulikuwa anwani ya intaneti, na anwani hiyo kweli ilikuwa ya nyumba yake.

Lakini mtu huyo hakuwa na hatia. Alikuwa ameiweka ruta yake isiyotumia waya bila neno la siri, na jirani mmoja alikuwa akiipitia. Baada ya siku chache uchunguzi ulimsafisha, jirani mwenye umri wa miaka 25 akakamatwa, na maafisa wakuu wakamwomba radhi mwenye nyumba.

Yaliyotokea Buffalo yanatufundisha kwamba mbele ya sheria na mbele ya ulimwengu, anwani ya ruta ndiyo jina la nyumba. Lolote litendwalo kwa jina hilo humrudia mwenye nyumba kwanza, kabla ya ukweli kujulikana. Kwa mwenye nyumba huyo lilikuwa jambo la kutisha. Tafakari basi hali ya familia iliyokimbia vita mashariki mwa Kongo au kusini mwa Somalia, ambayo Kiingereza hakijawakaa sawasawa na karatasi zao za ukazi zingali zinashughulikiwa. Kwao, mlango kuvunjwa alfajiri si jambo la kuelezwa kwa simu moja ya wakili.

Mwenye nyumba wa Buffalo aliuacha mlango wazi mwenyewe. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba hata mlango uliofungwa huweza kufunguliwa, ikiwa bawabu amezeeka na hakuna anayemwangalia.

Mabawabu waliosahauliwa

Mwezi Oktoba mwaka 2016, tovuti nyingi mashuhuri hazikufikika kwa saa kadhaa nchini Marekani na kwingineko. Shambulio lilitoka katika jeshi la kamera na ruta zilizotekwa na programu iitwayo Mirai. Mirai haikuwa na uchawi wowote. Ilijaribu maneno ya siri yapatayo 60 yaliyowekwa na viwanda, na katika nyumba zisizo na idadi yakakubali.

Mwezi Mei mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba ruta na hifadhi za data zisizopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54, zilikuwa zimeambukizwa na programu iliyoitwa VPNFilter. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wananchi wazime ruta zao na kuziwasha tena. Mwezi Oktoba mwaka 2023, katika muda wa siku tatu, zaidi ya ruta 600,000 za wateja wa kampuni moja ya intaneti nchini Marekani ziliharibiwa kabisa, baada ya programu zao dhibiti kuvurugwa. Hazikuweza kutengenezwa na ilibidi zibadilishwe.

Kisha mwezi Januari mwaka 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba mamia ya ruta za nyumba na ofisi ndogo zilikuwa zimetumiwa na kundi la wadukuzi linalohusishwa na China kuficha nyayo zake. Nyingi zilikuwa za Cisco na Netgear, makampuni ya Marekani yenyewe. Hazikutengenezwa vibaya kuliko nyingine. Zilikuwa zimepita muda wake, na viwanda vilikuwa vimeacha kuzitolea masasisho. Mwezi Mei mwaka 2025 FBI ilitoa tahadhari nyingine kama hiyo, kwamba wahalifu waliziteka ruta kuukuu na kuwauzia wengine njia ya kupita humo, ili uhalifu wao uonekane umetoka katika nyumba ya mtu mwingine.

Msikilizaji atakuwa ametambua kwamba hilo la mwisho ni tukio la Buffalo lililorudi kwa sura mpya. Safari hii jirani aweza kuwa ng'ambo ya bahari, na mwenye nyumba huenda alikuwa ameweka neno la siri.

Nani wa kuaminiwa?

Watu wengi huuliza ruta imetengenezwa nchi gani. Swali hilo si la kupuuzwa, lakini historia inaonyesha kwamba halitoshi. Mwezi Desemba mwaka 2015 kampuni ya Juniper ya Marekani ilitangaza kwamba ndani ya programu ya ngome zake mlikuwa na msimbo uliopenyezwa bila idhini, uliompa mgeni uwezo wa kuingia kwa siri. Zilikuwa ngome za mashirika, vyombo vya bei kubwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo Juniper yenyewe ndiyo iliyotangaza na kutoa kiraka. Kampuni inayotangaza kasoro zake inastahili kuaminiwa kuliko ile ambayo kamwe haitangazi kasoro yoyote, kwa maana programu isiyo na kasoro haijaandikwa bado.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya ASUS, ambayo matundu katika ruta zake yaliwawezesha wadukuzi kuzifikia hifadhi za data za wateja wapatao 12,900. ASUS ilitakiwa kukaguliwa na watu huru kwa miaka 20. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili mwaka 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vyenye maneno ya siri rahisi yanayofanana, na inamtaka mtengenezaji aseme atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya nao una sheria iliyoanza kutambulika mwezi Desemba mwaka 2024, ambayo masharti yake makuu yataanza kutekelezwa tarehe 11 Desemba mwaka 2027. Kwa kawaida itamlazimisha mtengenezaji kukitunza kifaa kwa muda usiopungua miaka mitano.

Maswali matano mbele ya rafu

Turejee sasa kwa mkazi wetu wa Clintonville, ambaye bado amesimama dukani. Historia tuliyoisimulia inamkabidhi maswali matano.

La kwanza: masasisho yataendelea hadi tarehe gani? Kampuni nyingi huweka katika tovuti zao orodha ya ruta zilizoachwa. Ruta iliyomo katika orodha hiyo isinunuliwe hata kwa nusu bei.

La pili: je, masasisho huingia yenyewe? Habari za Blaster zimetuonyesha kwamba kiraka kisichobandikwa hakimsaidii mtu. Kwa familia isiyo na fundi, ruta inayojisasisha usiku ina thamani kuliko antena nane.

La tatu: kampuni hutangaza kasoro zake? Katika ukurasa wa chombo hicho pawe na maelezo ya masasisho yaliyopita, pamoja na tarehe. Kama la mwisho lilitoka miaka mitatu iliyopita, bawabu huyo yatima.

La nne: kiwanda kikiacha, yupo mrithi? Namba ya toleo iliyo katika kibandiko itamwambia kama chombo hicho kinakubali OpenWrt. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitoka hata ruta iliyoundwa mahsusi kwa ajili yake, OpenWrt One. Na mwenye kupenda kujifunza aweza kuchukua kompyuta ya zamani na kuweka OPNsense au pfSense, mradi akubali kwamba tangu siku hiyo mtunzaji ni yeye mwenyewe.

La tano: kama ruta imetolewa na kampuni ya intaneti, ni nani anayeisasisha, na hubadilishwa baada ya miaka mingapi? Mteja ana haki ya kuuliza, na jibu la kusitasita ni jibu pia.

Chombo kikishafika nyumbani, kazi iliyobaki ni ya nusu saa. Neno la siri la kiwandani libadilishwe. Mtandao usiotumia waya ufungwe kwa kiwango cha WPA2 au WPA3. Uwezo wa kuiongoza ruta kutoka nje ya nyumba uzimwe, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Limebaki jambo moja ambalo wasikilizaji wetu wa ughaibuni wanalijua zaidi ya wauza duka. Tunaponunua kipya, kile cha zamani hukiweka katika sanduku la safari, kwa ajili ya dada aliye Mombasa au mpwa aliye Goma. Ni ukarimu wa kweli. Lakini ruta iliyoachwa na kiwanda chake haiponi kwa kuvuka bahari. Kabla ya kuipa nafasi katika sanduku, tusome kibandiko chake. Kama bado inatunzwa, ifutwe kumbukumbu, isasishwe, ndipo isafiri. Kama imeachwa na haina mrithi, tusimpelekee ndugu yetu mlango usiofungika.

Wakazi wa Columbus wa mwaka 1979 walijilinda kwa kukata simu. Njia hiyo hatuna tena. Tumebaki na bawabu, na bawabu huhitaji mtu wa kumtunza. Usipoziba ufa, walisema wazee, utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kitazame kisanduku kile kilicho nyuma ya televisheni, kigeuze, uisome namba yake.